Viporo 11 chini ya kitanda cha Mwalimu

Kisa hiki kilianza kwa ombi dogo. Jumamosi moja ya Julai, katika ile baridi ya Nakuru inayomfanya mtu anywe chai huku amekikumbatia kikombe, Mwalimu alibisha langoni kwangu Kiamunyi akitaka nimwazime sindano za kufumia, namba 8. Nikashangaa. Namba 8 anazo jozi tatu, nazijua, moja nilimnunulia mimi. Akacheka kwa aibu. "Zimeshikwa, mwanangu. Kila jozi iko ndani ya kitu."

Tukaenda kwake, nyumba ya tatu kutoka yangu, tukaanza kuvuta mizigo kutoka chini ya kitanda. Kulikuwa na kiondo, mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa vifundo, kopo la biskuti, karai lililopasuka ukingo, na gunia lililokazwa kwa kamba ya katani. Tulipomaliza kumwaga, shuka haikuonekana tena. Vitu vilivyoanzwa bila kumalizwa vilikuwa 11. Ndani yake mlikuwa na jozi saba za sindano, na kulabu mbili za kroshia ambazo Mwalimu aliapa zilipotea wakati wa kuhama.

Mwalimu anafundisha Gredi ya 4. Kufuma na kutengeneza felti, yaani kitambaa kizito cha sufu iliyogandishwa kwa maji moto au kwa sindano, ni kazi yake ya jioni na wikendi. Hauzi, anapenda tu. Amenikubalia niandike kisa chake mradi nisimtaje jina. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, kwa hiyo sharti hilo halikunisumbua.

Yeye mwenyewe vitu hivyo anaviita viporo. Kiporo ni chakula kilicholala: kimebaki jana, leo unakipasha na kinaliwa. Nililipenda neno hilo siku ile, kisha baadaye nikaona kwamba ndilo lililokuwa limemdanganya. Aliamini kila kilichokuwa chini ya kitanda kimelala tu, kinangoja moto. Kumbe vingine vilikuwa vimechacha.

Kila mtu nyumbani alikuwa na maelezo yake. Mwalimu alilaumu muda: madaftari ya kusahihisha, muhula mfupi, mikutano. Mzee, mumewe, aliyekuwa sebuleni akisikiliza redio, alisema kwa sauti ya kutosha tumsikie kwamba mkewe anapenda kuanza. Mimi nami nilikuja na ushauri ule wa kila mtu, kwamba maliza kimoja ndipo uanze kingine. Sote watatu tulikosea, ingawa Mzee alikosea kidogo kuliko sisi.

Nilichofanya ni kuokota kitu kimoja kimoja na kumwuliza: ulisimama wapi hasa, na ni nini kilichokuwa kinafuata? Sikumwuliza atamaliza lini, kwani swali hilo huleta ahadi tu. Majibu yalifanana mno. Mgongo wa sweta ulikuwa umekamilika, kifua kimekamilika, mkono mmoja umekamilika. Sapatu moja ilikuwa imeshaganda, ya pili haijaguswa maji. Heroe wa sufu, yaani flamingo, alikuwa na kila kitu isipokuwa mdomo. Shali ilisimama pale mchoro wa matundu unapobadilika. Karibu hakuna kilichosimama katikati ya kazi ya mikono mitupu, ile ya kufuma mstari baada ya mstari huku unasikiliza habari. Vyote vilisimama kwenye kona, mahali ambapo ilibidi aamue kitu: apime, achague rangi, akubali kipimo kimebadilika, au atie maji moto ajue hakuna kurudi.

Skafu moja ya kijivu ndiyo iliyovunja kanuni hiyo. Ilisimama kwa sababu inachosha. Tuliitoa kwenye sindano, tukaifumua palepale, na namba 8 ya kwanza ikawa huru. Dakika kumi.

Kiswahili kina mantiki nzuri hapa. Kufuma kuna kufumua. Kosa lolote la sindano mbili linaweza kurudishwa nyuma, kishono kwa kishono, mpaka uzi urudi kuwa donge. Ndiyo raha ya kufuma, na ndiyo hatari yake, kwa sababu kitu kinachoweza kurudishwa wakati wowote kinaweza pia kuahirishwa wakati wowote. Felti haina neno la kuirudisha. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo sana. Ukiupa maji moto na sabuni kisha ukausugua, nyuzi husogea na kuingiliana, magamba yakashikana, na kitambaa kikajikunja, kikawa kizito, kikabaki hivyo. Mtu anayefanya kazi zote mbili, kama Mwalimu, ana woga wa aina mbili, na dawa ya mmoja haiponyi mwingine. Viporo vyake vya kufuma vilikuwa vya kuahirisha. Vya felti vilikuwa vya hofu.

Nianze na sweta, maana ndiyo iliyotuchukua siku nzima.

Ni sweta ya kijana wake, rangi ya bluu ya usiku. Aliianza mvulana akiwa kidato cha pili. Mkono wa pili ulikuwa na sentimita 8 tu, umekaa kwenye jozi ya pili ya namba 8. Mwalimu alisema aliacha kwa sababu uzi uliisha, akanunua mwingine wa rangi ileile, lakini alipofuma aliona "haukai vizuri". Tukautandaza mezani karibu na dirisha. Kwanza rangi: donge jipya lilikuwa na namba tofauti ya loti kwenye karatasi yake. Uzi hupakwa rangi kwa mafungu, na fungu moja halilingani na lingine kabisa, hata jina la rangi likiwa lilelile. Usiku chini ya taa huoni. Mchana, penye mshono wa begani, utaona.

Lakini rangi haikuwa shida kubwa. Nilichukua rula nikahesabu vishono katika sentimita 10 za mkono wa kwanza: 22. Katika mkono mpya: 20. Sindano ni zilezile, mkono wa mfumaji ndio umelegea. Miaka minne iliyopita alikuwa akivuta uzi kwa nguvu. Siku hizi anafuma bila kutazama. Tofauti ya vishono viwili inasikika kama kitu kidogo, ila pigeni hesabu. Mkono huo una vishono 66 pale juu. Kwa 22 ni sentimita 30. Kwa 20 ni 33. Sweta ingekuwa na mkono mmoja wa mvulana na mmoja wa baba yake.

Dawa ya hilo inajulikana kwa wafumaji wengi. Unashuka sindano moja, kutoka namba 8, yaani milimita 4, hadi namba 9, milimita 3.75. Kwenye hesabu hii ya zamani ya Waingereza, ambayo mama zetu wengi ndiyo wanayoijua, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Unafuma kipande cha majaribio, unahesabu tena. Kuhusu rangi nilimshauri afumue hata ule mkono uliokamilika, afume mikono yote miwili kwa uzi mpya. Tofauti ndogo ya rangi kati ya mikono na kiwiliwili inaonekana kama mtindo. Tofauti kati ya mkono na mkono inaonekana kama ajali. Na mikono hiyo aifume kwa pamoja, ikiwa sambamba kwenye sindano moja ndefu, kila mkono na donge lake. Mkono wa pili ukiisha dakika ileile na wa kwanza, hakuna mkono wa pili wa kuahirisha.

Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanyamaza. Nikajua bado hatujafika penyewe.

"Kijana wako ana kifua kiasi gani siku hizi?" nikamwuliza.

Aliinuka akaenda kumpigia simu. Mvulana yuko Egerton, Njoro, mwaka wa kwanza. Alijipima kwa kamba ya viatu kisha akailaza kwenye rula ya mwenzake, na jibu likaja: 104. Sweta ilikuwa na kifua cha 92. Mwalimu alikuwa akilijua hilo bila kulipima. Uzi wa loti nyingine na vishono vilivyolegea vilikuwa vinamlinda asikae chini na kukubali kwamba yule aliyeanza kumfumia hayupo tena katika nyumba ile. Sikusema kitu. Alikunja kile kiwiliwili akakiweka magotini, akaenda kuongeza majani kwenye chai.

Sweta hiyo sasa inavaliwa na binti yake mdogo. Mikono ilifumwa sambamba, ikachukua majuma matatu. Nilisema ingeonekana kama mtindo, na kwa kweli haionekani hivyo sana. Ukisimama juani mikono ina uzambarau kidogo. Binti hajalalamika.

Blanketi la mtoto lilikuwa rahisi zaidi kuliko lilivyoonekana. Vipande vya mraba vya kroshia, kila kimoja sentimita 15, 31 tayari kati ya 48 alizopanga. Mtoto aliyekusudiwa, mjukuu wa dada yake, sasa yuko PP1 na anaandika jina lake. Hapa kona ilikuwa ile hesabu ya 48. Hakuna aliyemwambia ni 48. Aliichagua mwenyewe usiku mmoja akiwa na uchangamfu wa mwanzo. Tukapanga 30 kwenye zulia, tano kwa sita: sentimita 75 kwa 90. Linatosha magoti ya mtoto kwenye gari na kochi wakati wa katuni. Likaunganishwa kwa juma moja. Kile cha 31 alitaka kukifanya cha kushikia sufuria, nikamkataza. Uzi ule ni akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, na akriliki huyeyuka.

Akriliki ndiyo iliyotupeleka kwenye kisa kingine, na hiki ni cha uchungu. Ndani ya kiondo mlikuwa na mfuko mkubwa wa kijani, umefumwa kwa sindano nene ukiwa legelege makusudi, ili ukiingia maji moto ujikunje uwe felti. Aliununulia uzi mjini, kwa muuzaji aliyemwambia ni sufu safi ya kondoo. Akaufua kwa maji ya moto, sabuni, akausugua alasiri nzima mpaka vidole vikajikunja. Mfuko ukatoka safi sana, ukubwa uleule. Akadhani amekosea yeye. Akaurudisha kwenye kiondo, na kwa miezi mingi baada ya hapo hakugusa felti yoyote.

Nilikata ncha ya uzi, urefu wa kidole, nikaishika kwa kibano juu ya kiberiti, dirisha likiwa wazi. Ilishika moto haraka, ikadondosha kitu kama nta, na ikaacha kichwa kigumu cheusi kisichovunjika kwa kucha. Kisha nikachoma unyuzi kutoka kwenye gunia la sufu ya Molo: ulisinyaa, ukazima wenyewe, ukanuka nywele zilizoungua, na jivu lake likasagika kati ya vidole. Mwalimu aliliona hilo kwa sekunde mbili na uso wake ukabadilika. Hakuwa amekosea chochote. Akriliki haina magamba. Ungeisugua hadi Krismasi haitaganda. Na hata sufu halisi iliyotibiwa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine haigandi. Ninyi mnaonunua uzi usio na karatasi, kateni ncha mchome kabla hamjafuma mita 400.

Mfuko ule ulitiwa kitambaa cha ndani, ukawa mfuko wa mboga. Kazi ya saa moja iliyokuwa imeahirishwa kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa lake.

Sasa sapatu. Hizi zilikuwa za sufu kweli, aliyoletewa na mtu aliyetoka Uingereza. Moja ilikuwa imeshaganda vizuri, nene kama mkate wa jana, urefu sentimita 25, mguu wake barabara. Ya pili ilikuwa bado kitambaa kilicholegea chenye urefu wa sentimita 36, kinafanana na soksi ya jitu. Aliogopa kuitia maji kwa sababu hakukumbuka ya kwanza aliitia kwa muda gani. Hakuwa ameandika popote.

Hapo nilitaka kumcheka, na nilimcheka. Huyu ni mwalimu anayeandika maazimio ya kazi ya muhula mzima na andalio la somo la kila kipindi, anajua Jumanne saa nne atafundisha nini. Lakini kwenye sapatu hakuwa ameandika hata neno moja. "Shuleni wananikagua," akasema. Haki yake.

Tuliifanya ya pili uani, Jumamosi iliyofuata. Maji kutoka kwenye jiko, moto ambao mkono hauvumilii bila glavu za mpira, kipande cha sabuni kimeparuliwa ndani yake, na karai la pili la maji baridi pembeni. Nilimwambia, kwa kujiamini kusikonistahili, kwamba nusu saa ingetosha na tukague kila dakika kumi. Dakika kumi za kwanza hakuna kilichotokea. Ndivyo ilivyo: sufu hukaa kimya, mtu akapata hamu ya kuongeza nguvu. Zile kumi za pili tulizungumza. Tulipoitoa dakika ya ishirini vishono vilikuwa vimepotea kabisa na sapatu ina sentimita 23 na nusu. Kosa lilikuwa langu. Kitambaa kikishaanza kujikunja hukimbia, na mtu anapaswa kukagua kila dakika mbili tatu, kwa kigezo cha karatasi ngumu kilichokatwa kwa umbo la ile ya kwanza. Kigezo tulikuwa nacho. Kilikuwa mezani ndani.

Felti hairudi, nimesema, lakini ikiwa bado na maji moto inakubali kuvutwa kidogo. Mwalimu ndiye aliyewaza kwenda kwa fundi viatu wa kwenye steji. Fundi alitukopesha kalibu ya mti ya mguu wa kushoto, akauliza mara mbili kama ni kweli tunataka kuivisha sweta. Tuliisukuma sapatu juu yake kwa magoti, tukaifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ikakauka hapo siku mbili. Ikatoka na 24 na nusu. Anazivaa. Ya kushoto inabana asubuhi na kuachia ifikapo chakula cha mchana.

Gunia nililiogopa tangu mwanzo. Kondoo wa sufu ni wa nyanda za juu zenye baridi, na jirani zetu wa Molo wamefuga kondoo kwa miaka mingi hata jina la mji likaingia kwenye menyu za nyama. Mwalimu alipewa manyoya ya kondoo wawili baada ya kukatwa. Aliosha nusu, nusu akaiacha na mafuta yake, akafunga. Tulipofungua, ile iliyooshwa ilikuwa sawa. Ile chafu ilikuwa na vijifuko vyeupe mithili ya punje za mchele, na sufu inakatika ukiivuta. Nondo. Mdudu mkubwa mwenyewe hana madhara. Kiwavi chake ndicho kinachokula sufu, na hupenda iliyo na jasho na uchafu, gizani, isiyosumbuliwa. Chini ya kitanda ni hoteli.

Nusu hiyo tuliitupa kwenye shimo la mbolea. Hapakuwa na cha kuamua. Iliyobaki nzuri, pamoja na kila kitu cha sufu kilichokuwa karibu, tuliifunga kwenye mifuko miwili miwili tukaipeleka kwenye friza ya bucha anakonunua nyama, kwa makubaliano ya siku 14. Friza ya kawaida ya nyuzi 18 chini ya sifuri inaua mayai na viwavi ukiipa majuma mawili. Wateja waliuliza hiyo ni nyama gani yenye nywele. Bwana wa bucha alikuwa anawajibu kwamba ni ya mwalimu, na ikawa inatosha.

Heroe. Huyu nilimpenda kuliko vyote. Urefu wake unazidi kidogo chupa ya soda, miguu ya waya iliyozungushiwa sufu, mwili wa waridi wenye kivuli cheupe chini ya bawa, umechomwachomwa kwa ile sindano ya felti yenye meno madogo ubavuni. Meno hayo huburuta nyuzi ndani kila unapochoma, mpaka zinashikana bila maji wala sabuni. Shingo ilikuwa imepinda vizuri, kichwa kimeinama kama anayekunywa. Mdomo hakuna, na sindano mbili kati ya tatu zimevunjika.

Kuvunjika kunaelezeka. Sindano hiyo ni ngumu lakini haina msamaha: lazima itoke kwa mwelekeo uleule ilioingia. Ukiipindisha ikiwa ndani, au ikigonga waya wa shingo, ncha inabaki humo. Tulipitisha sumaku ya spika mbovu juu ya shingo na ncha moja ikatokeza. Ya pili hatujaipata, ndiyo maana heroe huyo hachezewi na watoto.

Mdomo ndio ulikuwa kona. Aliwahi kuuweka, wa waridi hafifu wenye ncha nyeusi, kutoka kwenye picha. Mwenzake wa shuleni akamwambia hapana, wa ziwani kwetu ni wale wadogo, na mdomo wao ni mwekundu wa giza unaokaribia weusi. Ule wa waridi ni wa heroe wakubwa. Mwenzake alikuwa sahihi. Heroe wadogo ndio waliolipatia Ziwa Nakuru sifa, wakila mwani unaowapa rangi, kabla maji ya ziwa hayajapanda na kupungua chumvi, wengi wakahamia Bogoria. Mwalimu aling'oa mdomo, akatafuta sufu ya rangi hiyo, hakuipata, akamrudisha ndege kwenye kopo la biskuti.

Vilivyosalia nitavipitia haraka. Soksi ilikuwa moja, na Mzee alipata jeraha la kidole akaivaa hiyohiyo moja kwa mwezi mzima; ya pili haitafumwa. Kofia ilihitaji mistari sita. Sita! Ilimaliziwa siku ileile. Vitambaa vya viti vilikuwa vya seti ya makochi iliyouzwa. Akampa jirani mwenye umbo hilo la kochi, avimalize mwenyewe.

Shali ndiyo iliyokufa. Ilikuwa ya mama yake, ya matundu madogomadogo kama ya wavu, na Mwalimu alishapoteza alipofikia. Tulijaribu kusoma vishono kwa tochi kwa zaidi ya saa moja. Mwishowe akasema tufumue, na alisema hivyo kabla yangu. Tulizungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga vifundo legelege mahali panne, tukauosha na kuutundika kwenye kamba ya nguo ukiwa na kikombe cha bati kimening'inia chini yake, ili yale mawimbi ya kufumwa yanyooke. Kesho yake ulikuwa uzi kama mwingine. Mama yake aliuliza shali yake iko wapi, akaambiwa iko kwenye kamba.

Kuhusu ile sheria ya kimoja kimoja, nimeiacha. Siamini tena kwamba inamfaa mtu wa mikono miwili ya aina hii. Kwenye matatu ya kwenda mjini huwezi kutengeneza felti ya maji, na felti ya sindano huwezi kuifanya ukipiga soga, utajichoma hadi mfupa. Kwa hiyo Mwalimu sasa ana kitu kimoja cha kibeti, kidogo, cha kufuma bila kuwaza. Kitu kimoja cha mezani penye mwanga. Na cha karai anakipa Jumamosi nzima au hakianzi. Vingine vyote vina kadi iliyokatwa kwenye jalada la daftari kuukuu, imefungwa kwa uzi. Anaandika namba ya sindano, mstari alipofikia, na jambo linalofuata la kuamua, kwa maneno kamili. Nilisoma moja wiki jana: "Pima shingo ya Mzee akiwa amelala, akiwa macho hukaza." Hayo ndiyo maandalio ya somo ambayo hakuna atakayeyakagua.

Chini ya kitanda kuna vitu vitatu. Viwili vina kadi. Cha tatu ni kopo la biskuti. Sufu nyeusi nyekundu ameshapata, aliipaka rangi mwenyewe kwenye sufuria kuukuu, lakini sindano imebaki moja, na anasema hawezi kuichoma kwenye kitu kidogo kama mdomo kabla hajapata nyingine za akiba. Nimemwambia hiyo ni kona tena. Amesema anajua, nisimwambie, na nimrudishie ile sindano yangu namba 8 ya tangu Julai ambayo, kumbe, ilikuwa yake.